Kabla Mwanao Hajasimama Kwenye Mstari wa Kuanzia

Kama mwanao ana mtindio wa ubongo na ameandikishwa kwenye mashindano ya riadha, achana kwanza na habari za njumu na sare. Muulize mwalimu wa michezo mbio zinaanzishwa na nini. Ni bastola, filimbi au bendera?

Binti yangu ana udhaifu upande wa kushoto, mkono na mguu, na kama watoto wengi wenye hali hiyo hushtuka kupita kiasi akisikia kishindo cha ghafla. Wanaomwona hudhani ni mwoga. Ukweli ni kwamba misuli yake hukaza kabla yeye mwenyewe hajajua kumetokea nini. Mlio ukilia, wenzake wanachomoka. Yeye mkono unajikunja kifuani, goti linagoma, na mpaka mwili umtii tena wenzake wameshamwacha. Kwenye mita 100 pengo hilo halizibiki.

Tulimwomba mwanzishaji atumie filimbi kwenye mchujo wake, akakubali bila maneno mengi. Kwingine walikataa katakata. Hapo tulimpeleka mapema karibu na mstari wakati wengine wanaanza, auzoee mlio, na tukaomba apangiwe njia ya mbali na mwenye bastola. Mshtuko haukuisha, ila ulipungua kiasi cha kutosha. Ukiwa na mtoto kiziwi, omba taa au bendera, na hakikisha anaiona bila kugeuza shingo. Na kama mwanao hawezi kuchuchumaa ili aanzie chini, ulizia mapema kama ataruhusiwa kuanza akiwa wima. Haya yaulize siku kadhaa kabla, kwa maandishi ikiwezekana, maana asubuhi ya mashindano waamuzi wana mambo mia na hawana muda na wewe.

Kuna wazazi wanaona aibu kuomba. Mimi sioni, kwa kuwa siombi mtoto apunguziwe umbali wala atangulizwe. Ninachotaka ni ashindane kweli, na kushindana kunahitaji mwanzo wa haki, wapinzani wanaoeleweka na muda uliopimwa.

Kwenye wapinzani ndiko kwenye kazi. Riadha ya watu wenye ulemavu ina madaraja yake. Herufi T ni ya mbio na kuruka, F ni ya kurusha, na namba inaeleza aina na kiwango cha ulemavu. T11 hadi T13 ni wasioona na wenye uoni hafifu, T20 ni ulemavu wa akili, T35 hadi T38 ni wenye mtindio wa ubongo na hali za jinsi hiyo wanaokimbia kwa miguu yao. Aliyeathirika upande mmoja wa mwili mara nyingi huangukia T37. Daraja hutolewa na wataalamu waliofunzwa kazi hiyo. Special Olympics, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili, hupokea washindani kuanzia umri wa miaka 8, na huwapanga kwa umri, jinsia na uwezo, ili wanaokimbia pamoja wasiachane sana.

Mashindano ya shule kwa kawaida hayana hayo. Mwanao atakimbia na wasio na ulemavu, au, jambo ninalolichukia zaidi, watoto wote wenye ulemavu watakusanywa kwenye mbio moja, asiyeona na mwenye magongo, kisha watangazwe wa kwanza hadi wa tatu. Nafasi ya namna hiyo haina maana yoyote. Chenye maana ni muda wake, ulinganishwe na muda wake wa mashindano yaliyopita. Hapo kaa macho: nimeona wapima muda wakizima saa wakishavuka wa mbele. Mpe ndugu mmoja saa asimame usawa wa mstari wa kumalizia. Usijipe kazi hiyo wewe mzazi, utasahau kubonyeza.

Usikubali pia mtoto akimbizwe peke yake. Tatyana McFadden, Mmarekani aliyezaliwa na mgongo wazi, alikuwa tayari na medali mbili za Paralimpiki ya Athens ya mwaka 2004, lakini shuleni kwake walitaka kiti chake cha magurudumu kiwe uwanjani baada ya wenzake kumaliza. Alikwenda mahakamani bila kudai fidia ya fedha, akashinda, na mwaka 2008 jimbo la Maryland likapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi kwenye michezo ya shule. Sipendekezi kila mtu aende kortini. Ila ukiambiwa haiwezekani kiti na miguu kuwa uwanjani kwa wakati mmoja, una mfano wa kutoa.

Mtoto asiyeona ana jambo lake: kiongozi wa kukimbia naye. Awe na kasi kumzidi mtoto, na wawe wamefanya mazoezi pamoja, si mwanafunzi aliyeokotwa asubuhi hiyo. Wanaunganishwa kwa kamba fupi. Kiongozi haruhusiwi kumvuta, na mtoto ndiye anayepaswa kutangulia kuvuka mstari. Mkenya Henry Wanyoike, kwenye mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, yalimkuta ya kinyume: kiongozi wake aliishiwa nguvu kwa ugonjwa, ikabidi asiyeona ndiye amkokote mwenye macho, na bado akachukua dhahabu.

Mtangazaji naye aongeleshwe. Wetu alishika maikrofoni kabla ya mbio akaomba makofi kwa "shujaa wetu". Binti akanigeukia: "Mama, shujaa wa nini? Sijakimbia bado." Tangu siku hiyo huwa naomba kitu kimoja tu, atajwe jina na shule yake kama wengine. Waombe na walimu wasiwaambie wenzake wapunguze mwendo au wamshike mkono afike nao. Picha itapendeza, lakini mtoto atajua kabisa kuwa hakukuwa na mbio.

Mengine ni ya kawaida. Ratiba huchelewa, na misuli yenye mkazo ikikaa kwenye baridi hugeuka mti, kwa hiyo abaki na suruali ya michezo na atembeetembee mpaka aitwe. Kagua raba: ya kushoto ya binti yangu hutoboka nchani kwa kuburuzwa wakati ya kulia bado mpya, na tundu hilo humkwaza. Kama anavaa kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu, mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aseme akimbie nacho au bila.

Halafu mwache achague mwenyewe. Wangu amekataa mita 200, kwa sababu kwenye kona mwili unalalia kushoto na huo ndio mguu asiouamini. Mwalimu alitaka kumbembeleza, nikamwomba amwache. Sasa anataka kujaribu tufe, nasi tunatafuta kocha anayejua kumfundisha kurusha kwa mkono mmoja bila kupoteza mizani.