Gari Linagonga "Ta-ta-ta" na Halitaki Kuwaka: Sikiliza Kabla Hujanunua Betri

Mtu akizungusha ufunguo na gari likajibu kwa mlio wa kugongagonga badala ya kuwaka, jambo la kwanza atakaloambiwa na kila aliye karibu ni kwamba betri imekufa. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, katika miaka yote ambayo nimekuwa nikishughulikia magari yangu mwenyewe na kuwasaidia jamaa na majirani, nimewaona watu wengi wakinunua betri mpya, wakaifunga vizuri, kisha wakazungusha ufunguo na kusikia mlio ule ule. Fedha hizo zingeokolewa kama mtu angetulia kidogo na kuusikiliza mlio wenyewe, kwa sababu ndio unaoonyesha umeme umefika wapi na umekwamia wapi.

Ufunguo haupeleki umeme mkubwa moja kwa moja kwenye stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake. Unapeleka umeme mdogo tu, ambao katika magari mengi hupitia kwenye relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), hadi kwenye solenoidi iliyofungwa mgongoni mwa stata. Solenoidi ni sumaku ya umeme, na inapovuta hufanya kazi mbili kwa pamoja: husukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya gurudumu zito la injini, na hukutanisha vipande vya shaba vinavyouruhusu umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota ya stata. Katika gari dogo la petroli umeme huo unaweza kuwa ampea 100 hadi 200, na katika injini kubwa za dizeli huzidi hapo. Kile kishindo unachokisikia ni solenoidi ikivuta. Kwa hiyo gari linalogonga limekwisha kukuambia kwamba swichi ya ufunguo inafanya kazi, na kwamba swichi ya usalama ya gia au ya klachi, ile inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia, imeruhusu umeme upite. Huko hakuna haja ya kupoteza muda.

Mlio wa haraka haraka, "ta-ta-ta-ta", una maana yake. Betri ina nguvu ya kutosha kuivuta solenoidi, lakini mara mota ya stata inapodai mzigo wake, volti huporomoka na solenoidi huachia. Mzigo ukishaondoka volti hupanda tena, solenoidi huvuta tena, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Hapa shaka iangukie kwenye betri au kwenye maungio yake. Mlio mmoja mzito, "ko", kisha kimya, ni habari nyingine: solenoidi imevuta na kushikilia, lakini mota haikuzunguka. Ukisikia mlio mdogo na mwembamba kutoka kwenye sanduku la fyuzi, hiyo ni relei peke yake, na umeme haujafika kwenye solenoidi.

Baada ya kusikiliza, washa taa kubwa za mbele na umwombe mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukiziangalia. Zikififia hadi karibu kuzimika, umeme hautoshi. Zikibaki vile vile kana kwamba hakuna kilichotokea, umeme upo ila hauingii kwenye mota ya stata. Ninaupenda uchunguzi huu kwa sababu haudai kifaa chochote, na mara nyingi humaliza ubishi wote unaoendelea mbele ya boneti.

Mwenye mita ya umeme atajua mengi zaidi. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia bila kuchajiwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu, na ikiwa chini ya 12 ichukulie kuwa imeisha. Lakini kipimo cha betri iliyopumzika hakitoshi, maana betri chakavu inaweza kuonyesha 12.5 na bado ikaanguka hadi volti 6 inapobebeshwa stata. Pima wakati ufunguo unazungushwa: katika hali ya hewa isiyo ya baridi kali, betri nzima haitakiwi kushuka chini ya takriban volti 9.6.

Sasa nije kwenye vichwa vya betri, mahali ambapo nimekuta tatizo mara nyingi kuliko pengine popote. Watu hutazama kama kuna ule unga mweupe au wa kijani, wasipouona wakasema pako safi. Jirani yangu alikuwa amekwisha kubadilisha betri na gari lake bado linagonga. Nilipima nikiwa nimegusisha ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya risasi, na ufunguo ulipozungushwa volti hazikushuka kabisa. Nikahamisha ncha moja kutoka kwenye kichwa chanya na kuiweka juu ya kibano kinachokishika, umbali usiofika upana wa kidole, na safari hii volti ziliporomoka. Tulipokifungua kibano, upande wake wa ndani ulikuwa na utando mweusi unaong'aa, mwembamba kiasi kwamba kwa macho ungedhani ni rangi ya chuma chenyewe. Kipande cha msasa kiliuondoa, tukakikaza tena, na injini ikazunguka kwa nguvu. Utando kama huo hupitisha umeme wa redio na taa bila shida, lakini mzigo wa stata haupiti.

Ukivifungua vibano, anza na hasi na umalizie kukifunga hicho hicho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isilete cheche. Usisahau waya mnene unaotoka upande hasi kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Hulegea au kuliwa na kutu pale unapofungiwa, na dalili zake zinafanana kabisa na za betri mbovu.

Kama betri ni nzima, maungio ni safi na mlio ni ule wa "ko" moja, basi geukia stata. Brashi zake za kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, huisha, na vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi huungua hadi vikakosa kugusana. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, kisha igongegonge stata taratibu kwa mpini wa spana wakati mwenzako anazungusha ufunguo. Gari likiwaka, umepata mgonjwa wako. Hata hivyo, hiyo si tiba, kwani litagoma tena, na stata inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa. Mara chache kosa ni injini yenyewe kukwama. Jaribu kuizungusha kwa spana kwenye boliti ya mbele ya kranki, ile shafti kuu ya injini, na isipotikisika usiendelee kuilazimisha kwa stata.

Gari likisaidiwa na betri ya gari jingine, waya mwekundu uunganishe chanya kwa chanya, na mweusi utoke kwenye hasi ya betri nzima uishie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake, kwa kuwa betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche.

Likishawaka, usiondoke kabla ya kupima tena injini ikiwa inanguruma. Mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.7, kwa kawaida alteneta, kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, inafanya kazi. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, angalia mkanda wa alteneta, waya zake na alteneta yenyewe, kwani hata betri mpya utakayoifunga leo itaishiwa umeme njiani.