Maintern wapya, mfungueni mgonjwa shati

Juzi kwenye raundi mmoja wenu alitutiririshia njia nzima ya kinurenini, yaani jinsi mwili unavyoivunja triptofani (asidi amino ya kwenye chakula), bila kushika karatasi, kuanzia triptofani hadi niasini (vitamini B3), na moyo wangu ukafurahi kweli. Dakika kumi baadaye tukafika kwa mzee wa kitanda cha 12, mwezi wa nne yuko kwenye isoniazidi, dawa ya TB. Chati yake haina pridoksini, yaani vitamini B6. Hakuna aliyeshtuka, hata yule msemaji wetu, na faili alilishika yeye. Wadogo zangu, nawapenda, ila pale nilichoka. Hilo kosa nililifanya mimi kabla yenu, na aliyelilipia alikuwa mama wa watu.

1. Kwanza mjue triptofani inakwenda wapi. Wengi mnakimbilia serotonini, ile kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, lakini huko inafika kama asilimia 1 au 2 tu. Takriban asilimia 95 ya ile inayovunjwa hupita kwenye kinurenini, na hapo njia inagawanyika. Tawi moja linatoa asidi ya kinureniki, inayozuia vipokezi vya NMDA, vinavyosisimua seli za ubongo. (Liebig aliipata mwaka 1853 kwenye mkojo wa mbwa, na jina lake la Kigiriki linasema hivyohivyo. Mkilisahau hilo mtakuwa mmelala darasani.) Tawi la pili linapitia asidi ya kwinoliniki, inayovichochea vipokezi hivyohivyo, na linaishia kwenye niasini. Vimeng'enya vya pande zote mbili vinahitaji vitamini B6, na isoniazidi inaikomba B6 mwilini.

2. Ulizeni mgonjwa anakula nini. Nilikuwa intern wa miezi mitatu, hapahapa Dar, alipoletwa mama mmoja kutoka Mbagala, yuko kwenye dawa za TB. Anaharisha, usiku anaongea na watu ambao hawapo, na shingoni ana ngozi nyeusi iliyokauka na kupasuka, imemzunguka kama mkufu. Mikononi weusi huohuo uliishia pale mkono wa gauni unapoanza, mstari umenyooka kabisa. Dada yake akaniambia, "Daktari, hilo jua tu, anauza mboga barabarani." Nikaandika mzio, nikampa krimu. Kwa kuharisha nikampa metronidazoli. Kwa kuchanganyikiwa nikahisi homa ya uti wa mgongo, nikamtoboa mgongo, maji yakatoka safi. Matatizo matatu, dawa tatu, na kila jioni nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya kazi.

Siku ya tisa mama hakumtambua dada yake. Sista mmoja wa zamu ya usiku, mtu mzima, akamfunua kanga, akaitazama ile shingo, akaniuliza taratibu, "Dokta, huyu nyumbani anakula nini?" Sikuwa na jibu. Siku tisa sikuwa nimeuliza. Dada akajibu: uji wa sembe asubuhi, ugali na mchicha usiku, maharage kwa nadra. Na vile vidonge vidogo vya B6? Viliisha, hawakurudi kuchukua vingine.

Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa, mwili hauipati kirahisi. Mwili unahitaji takriban miligramu 60 za triptofani kujitengenezea miligramu 1 ya niasini. Mama alikuwa na triptofani haba, na B6 ya kuigeuza haipo. Ile ilikuwa pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, imekaa shingoni mbele ya macho yangu, na mtihani wake nilikuwa nimeufaulu. Tukaanza nikotinamidi (aina ya niasini) miligramu 300 kwa siku, tukarudisha pridoksini, tukazungumza na wenzetu wa kliniki ya TB. Baada ya siku chache kuharisha kukakata. Asubuhi moja akamwita dada yake kwa jina, kisha akaniuliza mimi ni nani. Nilitoka nje ya wodi nikalia. Ngozi ilichukua wiki kadhaa kupona, na zile siku tisa sijaweza kumrudishia.

3. Msiamini namba ya asidi ya kinureniki ya kwenye damu kabla ya kuona kreatinini, kipimo cha figo, kwa kuwa inatolewa na figo. Isitoshe, inapenya kwa shida sana kuingia kwenye ubongo. Kinachopita ni kinurenini.

4. Mgonjwa aliye kwenye linezolidi (antibiotiki) au dawa za sonona asimeze vidonge vya triptofani vya madukani, serotonini isije ikamzidi. Ulizeni, maana wenyewe hawavihesabu kuwa dawa.

5. Wanaoweza kutembea, watembezeni. Misuli inayofanya kazi hugeuza kinurenini kuwa asidi ya kinureniki hukohuko, kwa hiyo kinurenini ya kwenda kichwani inapungua. Mtafiti wenu wa baadaye atawaeleza zaidi. Mimi nawaomba tu msiwaache wazee wamelala kutwa nzima.

Mzee wa kitanda cha 12 nimemwandikia pridoksini. Shingo yake bado hakuna aliyeniambia ikoje, na raundi ni saa mbili.