Re: Mama anayekataa kupisha barabara ni mbinafsi?

Ndugu, umeuliza kosa liko wapi kumwita mbinafsi yule mama wa migomba anayekataa kupisha barabara itakayofaidi maelfu. Kosa ni kwamba hesabu imepigwa na asiyelipa chochote. Maelfu unawajumlisha kwa ulimi tu. Yeye anatoa kaburi la mumewe na migomba aliyoipanda kwa mkono wake.

Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 26, haikatai barabara. Inaruhusu ardhi kuchukuliwa kwa matumizi ya umma, ila fidia ya haki ilipwe kwanza. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu kilichoruhusu serikali kuingia kabla ya kulipa. 2017 ukaletwa muswada wa kukirudisha kwa mlango mwingine, na wimbo ulikuwa huohuo: wachache wanachelewesha maendeleo.

Duka la baba yangu lilichorwa X nyekundu ukutani. Mthamini akahesabu mabati na matofali, wateja wa miaka yote hakuwahesabu. Nilipouliza nikaambiwa "fikiria taifa". Sasa hilo ni jibu? Ukiendelea kuuliza, tayari wewe ni adui wa taifa. (Aliyesema hivyo, nyumba yake iko kilima cha pili, barabara haiigusi.)

Mtu akikutajia wengi, muulize ni wengi gani, na yeye anatoa nini. Jirani yetu mmoja alikuwa akitusimanga kila jioni. Ramani ilipopindishwa mita tatu kuelekea kwake, asubuhi yake alikuwa kwa wakili.