Jibu: Kettuvallam au boti ya kisasa, Kerala?

Salaam ndugu. Umeuliza uchukue ipi kwa usiku mmoja Alappuzha, mji wa mifereji jimboni Kerala, kusini mwa India, ukiwa na mama mzee: kettuvallam, yaani boti ya kienyeji yenye vyumba vya kulala, au boti ya kisasa.

Kwanza uliza kiyoyozi kinawashwa saa ngapi. Boti nyingi za bei nafuu huwasha saa tatu usiku hadi alfajiri tu, na jenereta likiwa karibu na chumba, hamlali.

Kettuvallam imeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kama mtepe wa Lamu. Paa la mianzi hupitisha upepo, na mbu pia, kwa hiyo bebeni chandarua. Boti kubwa za kisasa za ghorofa haziingii mifereji myembamba. Mtaishia kuzunguka ziwa Vembanad, na ngazi za boti hizo zitamtesa mama.

Mimi ningechukua kettuvallam ya chumba kimoja. Dai picha ya boti yenyewe, choo kikiwemo.