Vitabu vya Kihispania: maswali yenu yamejaa, leo nayapunguza

Tangu nigusie kwamba nasoma riwaya za Kihispania, maswali yamekuja mpaka simu inaomba poo, kwahiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Sijayapanga kwa umuhimu, yanayofanana nimeyaunganisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha, mtajijua wenyewe.

Nimejifunza kwenye apu karibu mwaka mzima, saivi nataka kusoma kitabu kamili. Nianze na Don Quijote? (Dodoma)

Hapana ndugu yangu, usijitese. Don Quijote kilitoka kwa sehemu mbili, 1605 na 1615, ukiziunganisha ni tofali, na lugha yake ni ya enzi hizo. Hata wenye lugha yao kinawatoa jasho, ndo maana mwaka 2015 Andrés Trapiello alikiandika upya chote kwa Kihispania cha leo. Sasa kama wao wamesaidiwa, wewe wa apu unakimbilia wapi?

Anza na Cuentos de la selva cha Horacio Quiroga wa Uruguay, kimetoka 1918, hadithi nane za wanyama, fupifupi, sentensi zake hazizunguki. Kuna moja ya heroe, wale ndege wa waridi mnaowaona Natron na Nakuru. Zamani miguu yao ilikuwa myeupe, siku hiyo nyoka wameandaa dansi, heroe wakaingiwa na wivu jinsi nyoka walivyopendeza, wakapita duka hadi duka kutafuta soksi ndefu za rangi rangi, mwisho bundi akawapa kitu wakadhani ni soksi kumbe ngozi za nyoka, wakavaa wakaenda nazo hukohuko kwenye dansi la nyoka! Walipogundulika wakang'atwa miguu mpaka ikawa myekundu, na mpaka leo wanashinda majini kupoza maumivu. Ukimaliza hiyo bila kusimama kila mstari kufungua kamusi, umeshakuwa msomaji. Na soma kwa sauti, irabu zao ni tano kama zetu na matamshi yanakaribiana sana, hapo sisi tumepewa bonasi ambayo Mwingereza hana.

Hela ya vitabu hamna. Vya bure vipo? (Wengi sana)

Vipo tena halali. Kuna maktaba ya mtandaoni inaitwa Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, imeanza 1999 pale Chuo Kikuu cha Alicante, fasihi ya zamani imejaa humo unasoma bure. Quiroga alifariki 1937, kwahiyo naye hana shida ya hakimiliki. Kamusi ya akademia yao, Real Academia Española, nayo iko wazi mtandaoni. Ila hizo pidiefu za García Márquez, yule mwandishi wa Colombia, mnazorushiana kwenye magrupu ni za wizi, marehemu kafariki 2014 tu na haki bado ni za warithi.

Je Paulo Coelho? Nimesoma vyote. (Kisumu)

Hongera, ila huyo ni Mbrazili na anaandika Kireno. Mchungaji wake wa kondoo kwenye The Alchemist ndo anatoka Andalusia, Hispania.

Mi nimekua na hadithi za Abunuwasi. Wahispania wana mtu kama huyo? (Kigoma)

Wanaye, na kitabu chenyewe unakimaliza wikiendi moja. Lazarillo de Tormes, 1554, aliyekiandika hajulikani mpaka leo, na miaka mitano baadaye Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya kanisa, likakipiga marufuku kwa jinsi kinavyowachamba mapadri. Lázaro ni mtoto maskini anayetumikia bwana mmoja baada ya mwingine, watatu wa mwanzo wanamshindisha njaa, wa kwanza ni kipofu omba omba mwenye akili ya kutisha.

Siku moja wanapewa kichala cha zabibu. Kipofu anasema leo tugawane kiungwana, wewe unachuma moja, mimi nachuma moja, na uniahidi hutazidisha. Wanaanza vizuri tu. Mara kipofu anachuma mbili mbili. Lázaro kuona hivo anasema kimoyomoyo kumbe ndo mchezo wenyewe, naye anaingia mbili mbili, halafu tatu tatu. Zabibu zimeisha, kipofu kashika kijiti kitupu anatikisa kichwa: Lázaro umenipunja, naapa ulikuwa unakula tatu tatu. Mtoto anakataa, kwanini unadhani hivo? Kipofu anamjibu: unajua nimejuaje, mi nilikuwa nakula mbili mbili na wewe ukanyamaza.

Yani karibu karne tano na bado inachekesha. Tafuta chapa iliyosahihishwa tahajia kwa wasomaji wa leo, zipo nyingi, ile ya asili itakusumbua.

Naomba vitabu vya Andalusi ya Waislamu, lakini visiwe vya kukariri majina ya makhalifa. (Tanga)

Ustadh, anza na mtu ambaye pwani yetu tunamjua. Ibn Battuta huyuhuyu aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, karibu miaka ishirini baadaye alifika Granada, huko Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, na ziara zote mbili zimo kwenye kitabu cha safari zake, kwahiyo unaweza kuzisoma pamoja ukaona dunia ya wakati ule ilivyounganika. Baada ya hapo chukua kitabu cha María Rosa Menocal cha 2002, The Ornament of the World, cha Kiingereza lakini kinasomeka kama hadithi. Angalizo langu: huyu mama anaipenda Andalusi mpaka anaipamba kidogo, maelewano ya dini anayoyasimulia hayakuwa ya siku zote.

Kilichonikamata mimi hasa ni yaliyotokea baadaye. Granada ilianguka Januari 1492, Waislamu waliobaki wakalazimishwa ubatizo, na kati ya 1609 na 1614 vizazi vyao wakafukuzwa kabisa Hispania. Hapo katikati, miaka yote hiyo ya kujificha, waliendelea kuandika, na walichoandika ni Kihispania kwa herufi za Kiarabu! Maandishi hayo yanaitwa aljamiado. Mtu yeyote aliyeona tenzi zetu za kale zilivyoandikwa ataelewa mara moja, lugha ya nyumbani ndani ya herufi za Qur'ani. Mwaka 1884 kijiji cha Almonacid de la Sierra, jimbo la Zaragoza, mafundi walikuwa wanabomoa nyumba kuukuu, wakakuta sakafu mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake pamepangwa miswada. Wenyewe waliificha wakaondoka na hawakurudi. Tafuta shairi linaloitwa Poema de Yúçuf, kisa cha Nabii Yusuf, lipo limeshageuzwa herufi za kilatini.

Na ukitoka hapo ndo uje Don Quijote, utakisoma kwa jicho lingine. Cervantes alikuwa mateka Algiers miaka mitano, 1575 mpaka 1580, na kwenye kitabu anajifanya kwamba hadithi si yake, eti iliandikwa Kiarabu na mwanahistoria Cide Hamete Benengeli, yeye aliikuta kwenye makaratasi ya mtoto mmoja sokoni Toledo, akamlipa Mmorisko, mmoja wa hao Waislamu waliobatizwa, zabibu kavu na ngano amtafsirie. Hiyo alichapisha 1605, wakati kuandika Kiarabu nchini humo ni hatari. Utani, lakini si utani mtupu.

Naandika tenzi. Mashairi yao yana vina na mizani au ni yale ya kumwaga tu? (Lamu)

Malenga, hili swali limenifurahisha. Tafuta aina inayoitwa romance, ni mashairi ya kusimulia, ya zamani mno, mengi hayana mtunzi anayejulikana. Kila mshororo mizani nane! Kama utenzi kabisa. Na mishororo ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea inashika irabu zilezile za mwisho tangu mwanzo hadi tamati, kazi ileile ambayo kwako inafanywa na bahari ya utenzi. Tofauti ndogo, mshororo ukiishia na silabi yenye mkazo wao wanaihesabu kama mbili, usije ukadhani wamekosea.

Anza na ule wa Abenámar. Mfalme Juan, Mkristo, anamuuliza Muislamu wa Granada majumba yale yanayong'aa ni ya nani, anatajiwa moja moja, kasri la Alhambra likiwemo, mfalme anapagawa anaanza kuuposa mji wenyewe kama mwanamke, nitakuoa nikupe mahari ya Córdoba na Sevilla. Granada anamjibu: nimeolewa mimi, sio mjane, na mume wangu ananipenda. Sasa hebu niambie hiyo si ya kwenu Lamu?

Ukishazoea ndo uende kwa Federico García Lorca, Romancero gitano ya 1928, aliyechukua mizani hiyohiyo akaijaza wagipsi, mwezi na visu. Aliuawa kwa risasi Agosti 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Na kama sikio lako ni la dansi, Nicolás Guillén wa Cuba, Motivos de son, 1930, mashairi yaliyotungwa kwa mapigo ya son, muziki wa dansi wa Cuba, na rumba ya Kongo tunayoipenda huku imechota humohumo kwenye son.

Kuna Waafrika wanaoandika Kihispania, au ni Wazungu na Walatino tu? (Kampala)

Wapo, na inaniuma kwamba tunawajua wachache. Guinea ya Ikweta ilitawaliwa na Hispania mpaka Oktoba 12, 1968, na Kihispania bado ndo lugha ya shule na ofisi. Baada ya uhuru ikaja serikali ya Macías Nguema, miaka kumi na moja ya kutisha, wasomi wakakimbia, kwahiyo vitabu vingi vimeandikwa ughaibuni. Donato Ndongo-Bidyogo aliandika Las tinieblas de tu memoria negra, 1987, mtoto anavutwa huku na kanisa linalotaka awe padri na kule na mila za Wafang, ukikulia shule ya misheni utajiona. María Nsue Angüe, Ekomo, 1985, mke anasimulia safari ya kumtafutia tiba mume wake mwenye ugonjwa wa mguu.

Ila kama ni kimoja tu, mimi nakupa Arde el monte de noche cha Juan Tomás Ávila Laurel, 2009. Ni kisiwa cha Annobón, hukohuko Guinea ya Ikweta, kidogo, kimetupwa mbali baharini, meli haziji, sabuni hamna, kiberiti hamna. Kinaanza na namna mtumbwi unavyochongwa huko mlimani na watu wanavyokusanyika kuuvuta hadi ufukweni kwa wimbo, mmoja anaongoza wengine wanaitikia. Mtu wa Mafia au Pemba hahitaji maelezo. Halafu kuna babu ambaye nyumba yake imeipa bahari mgongo, na mjukuu anayesimulia anajiuliza kitabu kizima kwanini. Anasimulia kwa kuzunguka na kurudiarudia kama mtu anayeongea barazani, wengine inawachosha, mimi ndo ilinishika. Kimetafsiriwa Kiingereza tangu 2014.

Mimi ni mtu wa telenovela, usinipe vitabu vya maprofesa. (Morogoro)

Mama, chukua Como agua para chocolate ya Laura Esquivel wa Mexico, 1989. Sura kumi na mbili, kila sura mwezi na mapishi yake. Tita ni kitinda mimba, kwa desturi ya nyumbani kwao haruhusiwi kuolewa mpaka mama yake afe, halafu mchumba wake anaozwa dada mtu na yeye ndo anapewa kazi ya kupika keki. Machozi yanadondokea kwenye unga na harusi nzima wanaokula wanaanza kulia na kutapika. Telenovela inataka nini tena?

Za mpira je? (Vijana wa Temeke)

El fútbol a sol y sombra, Eduardo Galeano, Uruguay, 1995. Vipande vya nusu ukurasa, ukurasa mmoja, unasoma kwenye daladala kimoja kila kituo. Kipo cha Abdón Porte, mchezaji wa Nacional ya Montevideo aliyeona nafasi yake imekwisha, akaenda uwanjani usiku akajipiga risasi palepale duara la kati, 1918. Kipo cha Obdulio Varela, kapteni wa Uruguay aliyeufunga mdomo uwanja wa Maracaná huko Brazil, Kombe la Dunia 1950, usiku akatoroka hotelini akaenda kwenye mabaa ya Rio kunywa na Wabrazili wanaolia, na wengi hawakujua ni yeye. Kihispania chake ni cha kati, ukimaliza Quiroga na kitu kingine kimoja unakiweza.

Cien años de soledad nimekianza mara kadhaa nakwama kwenye majina. Shida ni mimi? (Nairobi)

Sio wewe. Watu wanaitwa José Arcadio na Aureliano kizazi baada ya kizazi, kanali Aureliano Buendía peke yake ana watoto kumi na saba na wote ni Aureliano. Chapa nyingi zina mti wa ukoo kurasa za mbele, kama yako haina uchore mwenyewe na uweke alama nani kafa.

Lakini kwanza kiweke pembeni usome El coronel no tiene quien le escriba, mwandishi yuleyule García Márquez, kama kurasa mia hivi. Kanali mzee amestaafu, miaka kumi na tano kila Ijumaa anashuka bandarini kungoja boti ya posta ilete barua ya pensheni, mke ana pumu, ndani vitu vinauzwa kimoja kimoja, wamebaki na jogoo wa kupiganisha aliyeachwa na mtoto wao aliyeuawa, na hawajui wamlishe jogoo au wale wao. Nchi hizi ambako wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipigania mafao yao miaka na miaka baada ya 1977, hicho kitabu kinasomeka kama taarifa ya habari. García Márquez mwenyewe aliwahi kukiweka juu ya vile vikubwa vyake, na mimi siwezi kumbishia.