Watoto wanatapika kambini? Msikimbilie kulaumu sato

Dada umesema kambi yenu ya likizo huko Igombe watoto wawili wametapika usiku na kuhara, wenzako wanalaumu samaki wa jana na wanataka mmwage chakula chote. Nimekaa sana na kambi za watoto hapa Mwanza kama matroni, ngoja nikwambie ninavyoona.

Ingekuwa samaki mara nyingi mngeona wengi wanaanguka kwa mpigo, walimu wakiwemo, si mmekula sufuria moja? Akianza mmoja halafu wanafuata wa chumba chake, hapo wanaambukizana. Na hicho chakula msimwage chote, wekeni kidogo kwenye friji, bwana afya akija atakiulizia.

Watengeni leo leo, msisubiri wafike kumi. Chumba chao, choo chao, mtu wao wa kuwahudumia na huyo jikoni asikanyage kabisa. Matapishi msifagie, vaa glovu, mwagia jiki, acha ikae kidogo ndo ufute. Vile vitakasa mikono mnavyovitegemea virusi vya kutapika na kuhara kama noro havivimalizi, tumieni sabuni na ndoo yenye koki, sio beseni moja kambi nzima inachovya mikono, aisee hilo beseni ndo linasambaza. Maji ya ziwa hata yakiwa meupe pee msinywe bila kuchemsha, na kuogelea simamisheni, kichocho chenyewe kipo humo.

ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, mpe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kama kumi uanze tena, ikipita saa 24 mwaga koroga nyingine. Zinki mtapewa kituo cha afya. Ila ukiona choo kama maji ya mchele, au mtoto macho yameingia ndani, kalegea, hakojoi, hapo hakuna mjadala ni hospitali huku unampa ORS njiani, na mtoe taarifa, namba ya wizara ni 199 bure.

Wazazi wapigieni mapema kabla hawajasikia kwa wengine. Aliyepona akae saa 48 tangu alipohara au kutapika mara ya mwisho ndo arudi kwa wenzie, na mpishi vilevile. Mpishi mwambieni kabisa akiumwa posho yake iko palepale, la sivyo atahara kimya kimya na kesho asubuhi anawakorogea uji.