Wasomaji Wanauliza: Wanyama wa Mpakani, Korea na Boni

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Nasikia mpaka wa Korea umejaa mabomu na wanajeshi, na bado wanyama ni tele. Mbona hawajalipuliwa wakaisha? – Msomaji, Faza

JIBU: Waaleikum salaam. Wanalipuliwa, ila si wote. Bomu la kutegwa ardhini hufyatuka kwa uzito, kwa hiyo mnyama mdogo hupita mara nyingi pasipo na neno. Mkubwa ndiye hulipuliwa. Hasara hiyo ni ndogo mbele ya hasara ya jembe, mtego na barabara, na hayo ndiyo yaliyozuiwa humo tangu vita viliposimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Ukanda huo wa mpakani, kati ya Korea Kaskazini na Korea Kusini, una urefu wa kilomita 250 hivi na upana wa kilomita 4. Mashamba ya zamani yameota vichaka na msitu, mabonde yamegeuka vinamasi. Watafiti wa Korea Kusini wameorodhesha zaidi ya aina 6,000 za viumbe, mimea ikiwemo, katika ukanda huo na maeneo yanayopakana nao.

Tazama korongo wa utosi mwekundu. Kila majira ya baridi hushuka kutoka Urusi na Uchina hadi Cheorwon, kusini mwa ukanda, ambako raia huingia kwa kibali. Mchana huokota punje za mpunga zilizodondoka wakati wa mavuno. Usiku husimama ndani ya maji ya kina kifupi, adui asiwafikie kimya kimya. Mkulima akilima shamba mara tu baada ya kuvuna, au akifunga mabua yote robota kulisha ng'ombe, chakula chao kimekwisha, hata kama hakuna risasi iliyolia.

Tusilisifu eneo hilo kupita kiasi. Chui hayumo tena. Seng'enge humkatia mnyama njia ya kwenda kwa wenziwe, na majeshi huchoma nyasi ili yaone mbali. Mvua za Julai na Agosti zikifurika husomba mabomu hadi mitoni.

SWALI: Basi na sisi wa msitu wa Boni, huku Lamu, tangu operesheni ya usalama dhidi ya al-Shabaab ianze 2015, si wanyama watakuwa wameongezeka vivyo hivyo? – Mwanafunzi, Mokowe

JIBU: Usikimbilie kusema hivyo. Ukanda wa Korea, ukiacha vijiji viwili, hauna wakazi. Boni ina wenyewe: Waaweer wa Basuba, Mangai, Milimani na kwingineko, warina asali wanaoujua msitu huo kichakani hadi kichakani. Wakizuiwa kuingia, msitu hupungukiwa na macho, na askari wa wanyamapori asipoweza kupiga doria kwa kuhofia mabomu ya barabarani, mwenye kitanzi cha waya hufurahi. Njia iliyopasuliwa kwa ajili ya magari ya jeshi hupitisha pia mbao na mkaa. Kwa maoni yetu, bunduki peke yake haihifadhi kitu. La kuangalia ni nani ameacha kuingia, na alikuwa akiingia kufanya nini. Hifadhi ya Dodori, jirani na Boni, ilitengwa mwaka 1976 na nyamera huzalia huko; paa nunga, aliye adimu duniani, yumo pia. Kujua kama wameongezeka ni kuhesabu tu.

SWALI: Kikundi chetu kina kamera chache za kutega, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Tuzifunge vipi? – Vijana, Kiunga

JIBU: Kwanza kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na taarifa kwa wakuu wa usalama. Kisanduku kilichofungwa mtini chenye taa nyekundu, kwa pande hizo, kitadhaniwa kitu kingine kabisa.

Kwa paa na sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), funga kamera sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, mita 3 hivi kutoka kwenye kipito. Ielekeze kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi jua litaipofusha asubuhi au jioni. Fyeka majani mbele yake, maana jani likitikiswa na upepo kwenye jua hufyatua kamera, na kadi hujaa picha tupu ndani ya siku mbili. Siagi? Chambo? Hapana: chambo huharibu hesabu. Achanisha kamera kwa kilomita moja au zaidi, ziache siku 30, na mwakani rudi mahali pale pale, mwezi ule ule. Picha za mnyama wa aina moja zilizopigwa ndani ya nusu saa hesabu kuwa ziara moja. Karibu na bahari, paka mafuta ya jeli kwenye mpira wa mfuniko, la sivyo chumvi itakula vigusio vya betri.

SWALI: Tukikuta chuma tusichokijua njiani? – Mfugaji, Bodhei

JIBU: Usikiguse, usikirushie jiwe. Simama, geuka, rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Ukishafika mbali, weka alama ionekane, zuia watu na mifugo, kisha ndipo upige simu kwa chifu au polisi. Usipige ukiwa umesimama pale pale, na usimtume mtoto akaangalie.